Unamtafuta Nani?

Watu wa mjini wakisikia ninakaa Kibada, Kigamboni, wana kauli moja tu: "Aa, huko kumetulia." Wanaisema kwa wivu kidogo, mikono kifuani. Siwabishii. Ila wote waliowahi kunitembelea walivuka daraja ndani ya gari, vioo vimepandishwa, wakashuka ndani ya geti, wakala, wakaaga, wakaondoka. Hakuna aliyewahi kutoka pale getini kwangu akatembea kwa miguu hadi mwisho wa barabara bila sababu yoyote. Ningependa wajaribu. Utulivu wa Kibada ni mali ya walio ndani ya geti. Aliye nje, hana gari, hana mzigo, huyo ni kesi.

Nia yangu ilikuwa nyepesi. Miaka yangu ya mwisho ya kazi niliijua njia moja: nyumbani, lami, Daraja la Nyerere, ofisini, na kurudi usiku. Nilipostaafu nikasema sasa nitaujua mtaa wangu. Siku nyingine naenda kwa miguu, siku nyingine na baiskeli ya mtumba ya Kijapani, ile yenye kikapu mbele na keria nyuma, ambayo wajukuu wanaiita baiskeli ya bibi. Sikuomba kibali. Nilidhani hakihitajiki.

Kikwazo cha kwanza ni kijiwe cha bodaboda pale kona.

"Shikamoo mzee. Panda twende."

"Marahaba. Natembea."

"Unatembea kwenda wapi?"

"Natembea tu."

Kimya. Wakatazamana. Kisha mmoja akashuka kwenye pikipiki, akanisogelea na sauti ya chini, ya msibani: "Mzee, kama ni suala la hela, panda tu. Utalipa hata mwisho wa mwezi."

Vijana wema, sikatai. Lakini mimi nilikuwa na hela mfukoni, na kabla sijafika mtaa wa pili nilishaanza kujihisi fukara.

Mbele kidogo kuna mama anafagia nje ya geti lake. Namwamkia, anaitikia vizuri, halafu linakuja lile swali: "Karibu baba. Unamtafuta nani?" Ni swali la heshima, na lina jibu moja tu linalokubalika, nalo ni jina la mtu. Mimi nikajibu, "Simtafuti mtu." Ufagio ukasimama. "Humtafuti mtu?" Akageuza shingo kuelekea ndani: "Baba, hebu njoo mara moja." Baba akaja na singlendi, akaniangalia kuanzia viatu.

Tangu hapo nikawa nabuni. Nilichagua kitu ambacho hakiwezi kuwepo, ili nielezwe kwamba hakipo, nishukuru, niendelee na safari yangu. Nikawa nasema namtafuta fundi wa taipureta. Karne hii, Kibada, fundi wa taipureta! Yupo. Nilielekezwa na kila niliyemuuliza, na mtoto mmoja wa shule akanishika mkono kabisa mpaka mlangoni kwake. Mzee wa watu alifurahi mpaka akaagiza chai, akaniambia muda mrefu hajapata mteja. Sasa kila nikipita ananiuliza taipureta naileta lini, nami nimelazimika kuulizia taipureta kwa watu wa ofisini, mbovu, isiyo na bei.

Nimelifikiria sana swali hili la "unamtafuta nani", na nadhani wa kulaumiwa ni LUKU. Zamani mitaani alipita msoma mita wa umeme. Alikuwa na daftari, watu walimjua kwa sura, mbwa walimjua kwa harufu. Tukawekewa LUKU, mita za kulipia kabla, msoma mita akatoweka. Alibaki mtu wa kodi ya jengo. Tangu mwaka 2021 kodi hiyo nayo inakatwa humo humo kwenye LUKU, mtu wa kodi hana tena haja ya kugonga. Tarishi wa posta hatukuwahi kuwa naye, barua zetu zilikuwa zinalala kwenye masanduku kule mjini. Mtembeaji halali wa mwisho ninayemkumbuka ni karani wa sensa, Agosti 2022, na yule alikuwa na kizibao na kishikwambi, yaani ushahidi ulikuwa mwilini mwake. Baada yake barabara zetu zimebaki na makundi matatu ya watembea kwa miguu wasio na mzigo: wezi, madalali wa viwanja, na wagonjwa wa sukari walioambiwa na daktari. Mimi sukari yangu iko sawa. Umeona tatizo.

Na mtu asidhani kwamba ukivumilia maswali kuna cha kutazama. Kibada ni miongoni mwa maeneo yaliyopimwa katika ule mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002. Wapimaji walifanya kazi yao: barabara pana, pembe za mraba, vitalu vyenye herufi. Barabara zilinyooka, mchanga wakauacha kama walivyoukuta. Mchanga wa Kigamboni hauna ugomvi na mtu mwenye gari linalosukumwa na magurudumu yote manne, lakini tairi jembamba la Kijapani linazama mpaka kwenye rimu, usukani unachagua njia yake, na mwisho unashuka na kuivuta baiskeli kama mtu anayemburuta mbuzi wa kitoweo aliyeshanusa kisu. Hapo ndipo anapotokea mpita njia mwenye pikipiki na kuuliza, "Mzee, imepata pancha?" Haijapata pancha. Sijui hata nimweleze nini.

Pande zote mbili za huo mchanga kuna ukuta. Ukuta wa tofali, ukuta uliopigwa plasta, ukuta wenye vigae, ukuta uliojengwa kabla ya nyumba, na ukuta ambao nyumba yake haijawahi kuja, ndani mna mkorosho na nyasi zilizomzidi mlinzi kimo. Juu kuna nyaya za umeme au vipande vya chupa. Kwa hiyo matembezi yangu yamekuwa matembezi ya kusoma. "Nyumba hii haiuzwi." "Kiwanja hiki hakiuzwi, matapeli mkome." "Mbwa mkali." "Marufuku kukojoa hapa, faini 50,000." Kwa mwendo wa saa nzima nimeambiwa nisinunue, nisiingie, nisikojoe. "Karibu" sijaona, yaani ipo, imeandikwa kwenye geti moja, chini yake kidogo kuna hiyo ya mbwa.

Mbwa wenyewe, kwa haki, wana msimamo. Hawajali aliyepita ndani ya gari. Wanamfukuza mwenye baiskeli tu, tena yule aliye kwenye mchanga, kwa sababu wanajua hatafika mbali.

Ukipotea usitegemee anwani. Operesheni ya anwani za makazi ilipita hapa kabla ya sensa, kila nyumba ikapata namba na kila barabara jina. Nina jina la barabara yangu kwenye karatasi na ninalikubali. Lakini kwenye kona nimeikuta nguzo imesimama peke yake, kibao chake kimeshakwenda kupimwa kilo kwenye chuma chakavu. Na hata penye kibao, ukimwuliza mwenyeji jina la barabara anakuangalia kwa huruma na kukuambia upite kwenye mwembe uliokatwa, ukifika kwa mama wa maandazi ambaye siku hizi hauzi, kata kushoto.

Siku moja nikasema potelea mbali mitaa, nitaendesha mpaka Mjimwema nikaone bahari. Mtu wa Kigamboni ana haki ya kuona Bahari ya Hindi, imetuzunguka upande mzima. Nikafika nimeloa jasho, nikaelekeza baiskeli kwenye njia ya ufukweni, nikakutana na geti. Ndani mna mwavuli, viti na muziki. Mlinzi akataja kiingilio. Nikamweleza, kwa upole wa mtu mzima, kwamba Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sawa mzee. Na baiskeli inalipiwa maegesho."

Sisi na bahari hii tuna historia. Mwaka 2012 nauli ya kivuko cha Kigamboni ilipopanda kutoka shilingi 100 hadi 200, waliolalamika waliambiwa na waziri mhusika kwamba asiyetaka kulipa apige mbizi. Ningeupokea ushauri huo kwa mikono miwili, ila sasa hata pa kuanzia kupiga mbizi kuna kiingilio.

Nikarudi nyumbani. Mama watoto alikuwa amekaa barazani na simu mapajani, uso umeiva.

"Umepigiwa simu na nani?"

"Uliza nani hajanipigia."

Alikuwa amepigiwa na jirani wa kitalu cha pili aliyeniona nikisukuma baiskeli, akataka kujua kama nimepata ajali. Amepigiwa na mwana kikoba mwenzake, aliyeuliza kwa mzunguko mrefu kama kikoba kinaweza kutusaidia na lolote. Amepigiwa na kaka yake kutoka Mbagala, ambaye hakuzunguka: "Dada, shemeji ameuza gari?" Gari liko uani, limefunikwa turubai, lina mafuta nusu tangi. Ilibidi nilitoe, niliendeshe hadi sheli na kurudi, ili lionekane.

Dawa niliipata bila kuitafuta. Mama watoto alinituma dukani kurudisha chupa tupu za soda, nikafunga kreti kwenye keria kwa mpira. Nikatoka. Kijiweni wakanisalimia tu, hakuna aliyetaja hela. Mama mwenye ufagio akasema, "Pole na kazi, baba." Mlinzi wa nyumba yenye vigae, ambaye hunisindikiza kwa macho mpaka ninapokata kona, hata hakuinua kichwa. Nikapita mitaa ambayo sijawahi kuithubutu, nikasimama, nikatazama paa za watu kwa starehe yangu. Mtu mwenye kreti ana anakotoka na ana anakokwenda.

Sasa sitoki bila kreti. Chupa tupu, zinagongana vizuri, zinasikika kwa mbali, mbwa nao wanaziheshimu. Ila mambo hayakukaa hivyo. Mama mmoja alinisimamisha getini, akanipa noti na kuniambia nimletee orenji mbili za baridi na kokakola moja, haraka, ana wageni. Ningefanyaje? Nikaleta. Kesho yake jirani yake akataka maji ya katoni. Wiki iliyofuata mtu akanifokea kwamba nimechelewa.

Jana mwenyekiti wa kijiwe kaja kwangu rasmi, kofia mkononi. Anasema vijana wanalalamika, oda za vinywaji za mtaa mzima zinapita kwangu na mimi si mwanachama. Nikamwambia mimi ni mstaafu natembea tu. Akacheka, akasema mzee, hayo tumeshayasikia. Kiingilio cha chama atanipunguzia kwa sababu natumia baiskeli, ila kizibao nitanunua mwenyewe.