Sifa za Gari Kubwa Lisilokuwa Letu

Wapo waliosifia wali wa nazi, wapo waliosifia mvua ya masika, na viongozi hawajawahi kukosa wasifiaji. Lakini gari la juu la safu tatu za siti, lililochukuliwa kwa mkataba wa kukodi wa miezi 36 katika jiji la Houston, Texas, halijapata msemaji, ingawa linajaza maegesho ya kila harusi ya Waswahili mjini humo. Linabezwa na wenye hesabu, linasemwa na wake wa wenye hesabu. Leo nalitetea.

Nianze na safu ya tatu, kwa kuwa ndiyo iliyomfanya mwenye familia aache gari dogo. Fadhila yake kuu ni kwamba haikaliwi. Baba mwenye watoto wawili amelipia siti za watu saba au wanane kwa sababu ndugu wanaweza kuja, na ndugu, Mungu awajalie, hawaji. Siku wakija, safu ile inajua kazi yake. Mama mkwe aliyeshuka jana kutoka Moshi anapewa siti ya mbele, adabu haina mjadala hapo. Mke anarudi safu ya kati, pembeni ya kiti cha mtoto ambacho kimefungwa kwa mikanda kiasi kwamba hakuna anayethubutu kukigusa. Anayebaki ni shemeji kijana. Yeye huingia nyuma kwa kupiga magoti, kama anayekwenda kuungama, na anasafiri na magoti yake karibu na kidevu mpaka kanisani. Ngazi za ukoo zimejipanga bila mzee yeyote kupaza sauti.

Vani ya familia haiwezi kutenda hivyo. Ndani ya Toyota Sienna hata wa nyuma anakaa kwa raha, na raha ya namna hiyo humfanya kijana asahau nafasi yake. Tena Sienna ina buti la kupindukia. Siti zote zikiwa wima, inabakiza lita 949 za mizigo. Gari la juu la Toyota, Highlander ya kizazi kilichoanza 2020, linabakiza 453. Magari hayo mawili yametengenezwa na kiwanda kimoja, mjini Princeton, jimbo la Indiana, kwa hiyo hatuwezi kusema mafundi hawakujua. Walijua, ila walimhurumia mteja wa Highlander, wakamwondolea uzito wa kubeba masanduku ya wageni. Na tangu modeli ya 2021 Sienna zote ni za mseto wa petroli na umeme, zinazokwenda kama maili 36 kwa galoni. Mtu mwenye staha anawezaje kutoka kituo cha mafuta mapema hivyo, watu hata hawajamwona?

Kosa la vani ni mlango wa kuteleza. Ajabu ni kwamba mlango huohuo, ukiwa kwenye Alphard pale Masaki au Kilimani, hufunguliwa na dereva aliyevaa suti, na anayeshuka huwa bosi. Ukivuka Atlantiki unageuka kuwa tangazo kwamba umezaa na umechoka. Gari la juu linaficha siri hiyo: nalo limejaa makombo ya biskuti kwenye mikunjo ya siti, lakini ukiliona kwa nje utadhani mwenyewe anapanda milima wikiendi.

Nikisema “mwenyewe” nimekosea adabu, maana mwenyewe hayupo. Tanzania mtu akinunua gari, jambo la kwanza ni kadi. Kadi inafungiwa kabatini, inawekwa rehani, inagombewa na warithi. Mpangaji wa gari Houston hana mzigo huo. Hati ya umiliki ina jina la kampuni ya fedha, na yeye ana funguo na tarehe ya kulipa. Wahenga waliosema nguo ya kuazima haisitiri maungo walisema kabla hawajaona kitu cha mita tano, chenye vioo vyeusi, kikiingia uwanja wa msikiti wakati wa Idi. Kinasitiri, tena kinasitiri ukoo mzima.

Sasa hesabu, ambayo ndiyo ushairi wenyewe. Tuchukue gari la dola 45,000. Kampuni inakadiria kwamba baada ya miaka mitatu litabaki na thamani ya dola 27,000. Tofauti, dola 18,000, ni uchakavu, nawe unaulipa kwa mafungu 36 ya dola 500. Mpaka hapo mtoto wa darasa la sita anafuata. Kisha kampuni inachukua bei ya gari na ile thamani itakayobaki, inazijumlisha (ndiyo, inajumlisha, wala hujasikia vibaya), inapata 72,000, halafu inazidisha kwa tarakimu nyembamba, tuseme 0.0025. Jibu ni dola 180 kila mwezi. Muuzaji hatamki neno riba, na uso wake haubadiliki. Ila mtu mwenye roho ya korosho akiizidisha tarakimu ile kwa 2,400 anakuta asilimia 6 kwa mwaka imejikunyata ndani yake. Kujumlisha nako si wizi: deni linashuka kutoka 45,000 hadi 27,000, wastani wake ni 36,000, na asilimia 6 ya hiyo ukiigawa kwa miezi 12 inarudi palepale kwenye 180. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1976 inailazimisha kampuni kuandika kila malipo na ada; kutaja asilimia hailazimishi. Wabunge wale nao walipenda mafumbo.

Basi ni dola 680 kwa mwezi, na kwa miezi 36 dola 24,480. Majimbo mengi hutoza kodi ya mauzo kwenye kila fungu unalolipa. Texas si ya mambo madogo. Inatoza asilimia 6.25 ya bei nzima ya gari, kampuni inailipa na kwa kawaida inakubebesha wewe mzigo huo: dola 2,812 na senti 50, kwa gari utakalolitumia miaka mitatu tu. Jumlisha uone uzuri wake. Umetoa dola 27,292 na senti 50, na gari unalolirudisha lina thamani ya 27,000. Ada za kufungua na kufunga mkataba sijazigusa, wala bima. Texas yenyewe huridhika ukiwa na bima inayomlipa majeruhi mmoja hadi dola 30,000. Kampuni zinazokodisha kwa kawaida hutaka 100,000, kwa sababu gari ni lao na mapenzi kwa kitu chako hayana kipimo.

Tangazo la televisheni litakuambia dola 399. Sadiki, ni kweli. Maandishi ya chini, yale ya wenye macho ya tai, yanataja maelfu ya kutanguliza siku ya kusaini. Ukiyatanguliza, na wiki ya pili lori likalisaga gari lako, bima inaifidia kampuni na fedha ulizotanguliza zinazikwa pamoja na gari. Hapa sitanii: asitangulize mtu zaidi ya alichoambiwa ni lazima.

Baraka za maili nazo nisizisahau. Mkataba wa bei nafuu hutoa maili 10,000 kwa mwaka, na ukizidisha unalipa, mara nyingi, hadi senti 25 kwa maili. Kwenda Dallas na kurudi ni kama maili 480. Kwa hiyo ukishavuka kikomo, msiba wa Dallas una kiingilio cha dola 120 kabla hujatoa rambirambi. Kamati ya send-off, kipaimara cha mtoto wa rafiki, arobaini, vyote vinapata bei yake halali. Watu waliokuwa wakitafuta udhuru kwa kusingizia zamu ya usiku hospitalini sasa wanao udhuru wa maandishi, uliosainiwa.

Haki itendeke, lipo la kusifia bila kung'ata ulimi. Waranti ya msingi ya Toyota na Honda ni miezi 36 au maili 36,000, hivyo mpangaji anaachana na gari siku ambayo matatizo yake yangeanza kuwa ya mtu binafsi. Na kama soko likianguka, hasara ya thamani ni ya kampuni. Mwaka 2021, chipu zilipoadimika na bei za magari yaliyotumika kupaa, waliokuwa na mikataba waligundua kwamba bei ya kulinunua gari lao, iliyoandikwa miaka mitatu nyuma, ilikuwa chini ya bei ya soko. Kampuni kadhaa zikagundua pia, zikazuia wauzaji wa nje kuyanunua magari hayo.

Siku ya kurudisha anakuja mkaguzi mwenye adabu. Anapima mikwaruzo kwa kipande cha plastiki cha ukubwa wa kadi ya benki, anachungulia kashata za tairi kama zimefika inchi 4/32, anaangalia doa la juisi safu ya kati. Safu ya tatu anaisifu. Ni mpya kabisa.

Gari linauzwa kwa dola 27,000 hivi kwa muuguzi fulani wa mji wa Katy, atakayelitumia miaka kumi bila kujua ni nani aliyemlipia ile miaka mitatu ya gharama kubwa. Mfadhili wake hana muda wa kushukuriwa. Amekaa mbele ya meza ileile, mkataba mpya umeshafunguliwa, anaulizwa kama safari hii angependa maili 15,000. Inaongeza dola chache kwa mwezi, anaambiwa. Anafikiria harusi mbili za Desemba, anamtazama mkewe, anachagua 10,000.