Mlango wa Dharura Umefungwa kwa Usalama Wako

Mtu wa Dar es Salaam akipata vijisenti vya kujenga, wa kwanza kumfikiria ni mwizi. Choo hakijapata sinki, dirisha limeshapata nondo. Mlango wa mbele ni mninga mtupu, mbele ya mlango geti la chuma, kwenye geti kufuli, na juu ya ukuta vipande vya chupa. Siku mwizi akija, atajua kwamba tulimngojea kwa heshima zote. Moto je? Moto hauna mwenyeji. Moto tumemwachia Mungu, na Mungu tumemwachia mlinzi.

Jengo ninalopanga lina ghorofa nne na ngazi mbili. Ya mbele wanapita watu. Ya nyuma, iliyoandikwa MLANGO WA DHARURA kwa rangi nyekundu, vinakaa vitu. Chini kabisa inalala pikipiki ya kijana wa ghorofa ya kwanza, kwa sababu nje kuna wezi. Hatua chache juu yamepangwa madumu ya maji, maana maji ya bomba huja yakijisikia. Ukiyapita hayo unakutana na kitanda cha watoto kinachomsubiri fundi, magunia ya mkaa ya mama wa ghorofa ya pili, na mitungi ya gesi ambayo kila mpangaji anasema ni ya mwenzake. Gesi hii ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu, inateremka na kujilaza sakafuni. Kwa maneno mengine, katika jengo letu kitu pekee kinachoweza kushuka ngazi ya dharura bila kujikwaa ni gesi.

Tuseme umejikwaa, umeinuka, umefika mlangoni. Mlango una mnyororo.

"Kijana, ufunguo wa hapa uko wapi?" nilimuuliza mlinzi.

"Upo, mzee."

"Upo wapi?"

"Anao bosi."

"Na bosi yuko wapi?"

"Bosi amekwenda Moshi, kuna msiba."

Nisimseme vibaya mwenye nyumba. Naye ana jitihada zake. Soko la Kariakoo lilipoungua Julai 2021 alishtuka, akanunua mtungi wa kuzimia moto, mwekundu, unang'aa. Akautundika ukutani. Kisha akakumbuka wezi, akauchomelea kizimba cha nondo na kukitia kufuli. Ufunguo wa kizimba uko kwenye kishada kimoja na ule wa mlango. Ukitaka kuzima moto, panda basi.

Wengine mtasema, si tupige 114, Zimamoto waje? Waje wapite wapi? Mtaa wetu una geti lake, tulilichangia wenyewe, na ikifika saa nne usiku linafungwa kwa sababu ya mnaowajua. Upande wa pili tumeziba kwa tofali. Halafu asubuhi utatusikia kwenye kahawa tukilalamika kwamba gari la zimamoto lilichelewa, tena lilikuja bila maji. Maji lilikuwa nayo. Lilikuwa linasubiri mtu aamke afungue geti.

Maofisini nako ni yale yale, ila kwa tai. Kazini kwetu tuliletewa tangazo la zoezi la kujiokoa, siku na saa imeandikwa, na karibu wote tukavaa viatu vya kukimbilia. Kengele ikalia. Wakubwa wakaenda kupanga foleni kwenye lifti, mahali ambapo umeme ukikatika moto utawakuta wamesimama kwa utaratibu. Sisi wengine tulishuka ngazi hadi kwenye bango la MAHALI PA KUKUSANYIKA. Hapo tulikuta gari la mkurugenzi limekusanyika peke yake. Tukaenda kukusanyika kwa mama ntilie, na wapo ambao hawajahesabiwa hadi leo.

Nacheka, lakini kuna mahali kicheko kinakwama. Shule ya Shauritanga, Rombo, Juni 1994, wasichana 42 waliteketea bwenini. Kyanguli, Machakos, Machi 2001, wavulana 67. Huko Kyanguli mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Nondo zile ziliwekwa na watu wazima wenye nia njema, watu kama mwenye nyumba wangu, waliokuwa wakiwaza nani ataingia. Hakuna aliyewaza nani atatoka.

Basi nikapiga kelele mpaka mwenyekiti wa wapangaji akaitisha kikao. Ajenda: njia za kujiokoa wakati wa maafa. Nikaeleza ninayoyajua: kila chumba cha kulala kiwe na dirisha moja lenye nondo za bawaba, zinazofunguka kutoka ndani bila ufunguo, ngazi ya nyuma isafishwe, mnyororo utolewe, na watoto wafundishwe kutambaa chini, kwa kuwa moshi huua kabla moto haujafika.

"Nondo zinazofunguka!" alishangaa mama wa mkaa. "Baba, si bora tumwandikie mwizi barua ya mwaliko?"

"Na mimi pikipiki yangu ikalale kwako?" aliuliza kijana wa ghorofa ya kwanza.

Hapo ndipo jirani wa ghorofa ya nne alipotukumbusha kwamba mwizi alishakuja. Aliingia kwake usiku, umeme umekatika, akaondoka na televisheni ya ukutani. Geti lilikuwa limefungwa, mnyororo uko palepale, mlinzi hakusikia kitu.

Nikaomba nafasi tena. Nikasema, mheshimiwa mwenyekiti, huyo ndiye mtaalamu tunayemhitaji. Ni mtu pekee aliyewahi kutoka kwenye jengo hili gizani, kwa haraka, akiwa na mzigo, bila ufunguo. Atafutwe, asamehewe, alipwe posho, atuchoree ramani.

Pendekezo langu halikuandikwa kwenye muhtasari. Kilichoandikwa ni kwamba wajumbe wameguswa sana na suala la usalama, na kwa kauli moja wameazimia kila nyumba ichangie kufuli la pili la mlango wa dharura, lile kubwa la Kichina. Na kwa kuwa mimi ndiye mwenye uchungu zaidi na mlango huo, ufunguo nimekabidhiwa mimi.

Nimeuficha vizuri mno. Hata mke wangu hajui ulipo.