Kanga Yangu Chini ya Kigari

Kwetu Tanga, ukikuta kawa imefunika sinia huulizi kuna nini. Ni chakula, na kina mwenyewe. Ndiyo maana Alhamisi ile usiku nilifunua kawa yangu bila wasiwasi, nikitaraji chapati nilizozifunika kwa mkono wangu. Nikakuta shokapu nne zimesimamishwa kwenye trei ya mayai, zimejaa mafuta hadi ukingoni. Nikairudisha kawa taratibu, kama mtu aliyesukuma mlango wa choo kumbe mna mtu.

"Usiziguse, Mama Watoto!" sauti ikatoka sebuleni. "Zinatoa mapovu. Ziache zitulie mpaka asubuhi."

"Na chapati zangu?"

"Nimezihamishia kwenye oveni, zimestarehe."

Hayo mapovu sasa nayajua vizuri kuliko ya ndoo yangu ya kufulia. Mafuta ya silikoni yakimiminwa ndani ya shokapu huingia na hewa, na hewa isipotoka, upande mmoja wa gari unadunda vingine na wa pili vingine. Usiku ule nilijua jambo moja tu: chapati zangu zimepinduliwa madarakani.

Kigari chenyewe kilinunuliwa kwa ajili ya mtoto. Nadhani kila nyumba hapa Uingereza yenye kigari cha rimoti husema hivyo hivyo. Mwanetu wa pili alitimiza miaka 11, baba yake akaingia na boksi kubwa, na ndani ya boksi hamkuwa na gari. Mlikuwa na vifuko vya skrubu, gia, vyuma vyembamba kama miiba ya changu, na kitabu cha maelekezo. Ilikuwa bagi ya umeme ya kipimo cha moja ya kumi, inayovuta kwa magurudumu yote manne, kilo moja na nusu hivi ikikamilika. Jioni ya kwanza baba na mwana waliunga pamoja. Jioni ya pili mtoto alishika bisibisi. Jioni ya tatu alishika tochi. Ya nne akaomba ruhusa akalale.

Simlaumu sana baba yake. Mtu huyu utoto wake wote aliendesha gari la waya: fimbo ndefu, usukani wa waya, matairi ya kandambili iliyokwisha. Alilisukuma kwa miguu na kulipigia honi kwa mdomo. Kumpa mtu kama huyo mota ya umeme akiwa na miaka 40 na kitu ni kumlipa deni la zamani.

Ila deni lililipwa kwa vyombo vyangu. Mswaki mpya ulienda kusugulia matope. Kopo la sukari likawa la springi. Matairi ya vigari hivi huja peke yake, unayabandika mwenyewe kwenye ringi kwa supaglu. Baba Watoto alibandika manne, pamoja na kidole chake cha shahada na pindo la kitambaa cha meza. Usiku alilinda betri. Betri za lithiamu hazitaki kuachwa peke yake zikichajiwa, maana zikikasirika hushika moto, kwa hiyo huwekwa ndani ya mfuko usioungua na mtu anakesha nazo. Watoto wangu watatu wameugua surua, na sikumbuki hata mmoja aliyekeshewa namna ile.

Kisha ikaja ile karatasi.

Katika mchezo huu mabingwa hawafichi dawa yao. Hujaza karatasi ya vipimo na kuitoa hadharani: uzito wa mafuta ya shokapu, ugumu wa springi, mwinamo wa tairi, kimo cha gari kutoka ardhini. Baba Watoto alichapisha ya bingwa mmoja wa Ulaya, akaitia kwenye plastiki, akabadili kila kitu kilichomo kigarini kifanane nayo. Springi zilizokuja na boksi akazitupia kwenye kopo la sukari.

Ijumaa tukapakia gari kutoka Leicester: hema, jiko la gesi, sufuria ya pilau, maandazi ya siku mbili na watoto watatu. Tulipofika uwanjani Jumamosi asubuhi, katikati ya mashamba, nikaona wenzetu wametandaza taulo juu ya meza zao ili skrubu zisibingirike. Taulo yetu ilibaki nyumbani. Nilipogeuka, bwana alishaingiza mkono kwenye begi langu, akatoa upande mmoja wa doti niliyoletewa na dada, akautandaza mezani na kuweka kigari juu yake, tumbo chini. Jina la kanga likabaki wazi mbele ya bampa, kwa herufi kubwa: USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO.

Nililisoma. Nikaitazama ile karatasi ya bingwa iliyosimamishwa pembeni. Nikanyamaza, maana mke mwenye adabu huacha kanga iseme.

Uwanja wenyewe ulikuwa wa nyasi bandia, umezungushiwa mabomba ya plastiki, wenye matuta ya kurushia magari na kona za kumtia mtu kizunguzungu. Madereva husimama juu ya jukwaa kama waimbaji wa taarabu, wametazama chini. Hapo ndipo penye siri ya mchezo. Kigari kikikupa mgongo, kulia ni kulia. Kikigeuka kukujia, kulia kwako ni kushoto kwake. Mikono yote ya dunia inajua kuendesha gari linalokwenda. Linalorudi ndilo linalotoa jasho.

Fomu ilikuwa na jina la mtoto, kwa sababu ada ya watoto ni ndogo na baba yake ni mtu wa hesabu. Hesabu hiyo ikamgeuka: mwenye jina ndiye anayepanda jukwaani. Akabaki chini, mikono mitupu, na mdomo.

"Kulia! Kulia! Nakwambia kulia!"

Kigari kilikuwa kinarudi. Mtoto akatii, kikaenda kushoto, kikagonga bomba na kulala chali, magurudumu yakizunguka kama miguu ya kobe. Hivyo ndivyo Jumamosi ya mazoezi ilivyopita. Kila tuta kilipolivuka kilidunda mara mbili na kupinduka mara ya tatu. Jioni nikapika pilau ya kufuta huzuni, nyama nyingi, moto wa kutosha, na pale harufu ilipokolea majirani wakaanza kupita karibu na hema letu bila sababu. Nikawagawia. Sikuuangalia mtungi wa gesi.

Jumapili alfajiri nikawasha jiko, likatoa pumzi moja na kuaga dunia. Nje mvua, watoto wanataka chai, na kwenye kibanda cha chakula mkate wote umekumbatia nyama ya nguruwe. Lakini nilikuwa na birika la umeme, na chini ya meza yetu palikuwa na kebo ya umeme wa jenereta. Nikachomeka. Birika la Uingereza, ndugu msomaji, hula karibu kilowati 3. Chaja ya betri hula kidogo sana. Jenereta ilikuwa imebeba chaja za mahema yote, na ilipopewa na birika langu juu yake, ilikohoa. Taa zikazimika. Vimlio vya chaja vikakoma, kimoja baada ya kingine, mpaka mwisho wa uwanja. Katika ukimya ule watu kama 70 waligeuza shingo kutafuta chanzo, na chanzo kilikuwa mimi, nimeshika majani ya chai.

Kumbe palikuwa na tangazo langoni kubwa kuliko mlango: MABIRIKA MARUFUKU. Baba Watoto alilisoma Jumamosi akaona halimhusu, maana yeye hapiki.

Umeme ulirudi baada ya dakika 20, lakini raundi ya kwanza ya mchujo ilianza na betri nyingi hazijashiba. Yetu mojawapo. Kila raundi ni dakika 5. Mwanangu alizimalizia kwa mwendo wa jeneza, wa mwisho kabisa, akashuka jukwaani analia na kukimbilia kwenye hema.

Hapo tukakutana na sheria nyingine. Ukimaliza kukimbia huondoki. Unavaa fulana ya kung'aa, unasimama kwenye kona uliyopangiwa, unainua magari ya wanaofuata yakipinduka. Usipotokea, unanyang'anywa matokeo yako bora. Mzazi anaruhusiwa kumshikia mtoto mdogo zamu. Baba Watoto alikuwa chini ya meza anatafuta skrubu. Nikavaa fulana ya rangi ya chungwa juu ya baibui, nikaenda kusimama kona ya 4.

Kazi ni rahisi kuisema. Unatazama kushoto na kulia kabla ya kuingia njiani, kwa sababu kigari cha kilo moja na nusu kinachokimbia kilomita 50 kwa saa hakibembelezi kifundo cha mguu. Unainua kilichoanguka bila kuangalia ni cha nani. Unakiweka, unatoka. Cha kwanza kuanguka mbele yangu kilikuwa cha mzee wa hema la jirani, yule yule niliyemzimia umeme. Nikakimbia, nikakiinua kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, nikakifuta tope kidogo kwa huruma, nikakiweka chini kikitazama kilikotoka.

Kikaondoka kwa kasi, kinyume cha wenzake wote. Kilichofuata sitakieleza kwa kirefu. Vilikuwa vigari vinne, kona moja.

Zamu ilipokwisha nilichukua kopo zima la maandazi nikaenda kuomba radhi. Mzee alichukua manne. Akaniambia nisijali, alianza mchezo huu mwaka 1984 na Grasshopper ya Tamiya, na ameona makubwa kuliko birika. Enzi zile rimoti zilitumia masafa ya megahezi 27, kila moja na kipande chake cha kristali, na kulikuwa na ubao wenye vibanio vya nguo. Huwashi rimoti kabla ya kushika kibanio cha masafa yako. Mtu akiwasha bila kibanio, gari la mwenzake aliyeko mbioni linapandwa na wazimu na kuingia kwenye miguu ya watazamaji. Leo rimoti za gigahezi 2.4 hutafuta njia zenyewe, na vibanio vimerudi kwenye kamba ya nguo.

Alinisindikiza hadi mezani kwetu, akakitazama kigari, akakibonyeza mgongo. Hakikubonyea. Kisha akainama kusoma maandishi ya kanga, akauliza yanasema nini.

Nikamfafanulia: baharini kila nahodha ana nyota yake, ukifuata ya mwenzio, utafika anakokwenda yeye.

Mzee alicheka mpaka akashika meza. Akaigonga ile karatasi ya bingwa kwa kidole. Vipimo hivi, alisema, ni vya ukumbi wa ndani wenye zulia kavu lililonyooka kama meza. Springi ngumu, gari limelala chini. Hapa nje kuna matuta, maji na nyasi. Akamgeukia Baba Watoto: zile springi zilizokuja na boksi ziko wapi?

Mume wangu alinitazama. Nikampa kopo la sukari.

Walifanya kazi saa nzima, wawili wao juu ya kanga yangu, wakimwaga mafuta mazito na kutia mepesi, wakiinua kigari milimita kwa milimita. Mtoto akatoka hemani, akasogea, na safari hii alipewa bisibisi. Raundi ya tatu kilipinduka mara mbili tu. Ya nne, mara moja. Huhesabiwa raundi mbili zilizo bora, na zetu zilitosha kutupeleka fainali ya mwisho kabisa, ile ambayo herufi yake iko mbali sana na A. Tulikuwa wa 8 kati ya 9.

Kabla ya kupanda jukwaani mtoto alimvuta baba yake mkono.

"Baba, samahani. Ukinyamaza naona vizuri."

Sijawahi kumwona Baba Watoto akipigana namna ile. Dakika 5 nzima alisimama kwenye uzio, pindo la kanga yangu ameliuma kwa meno. Kona ya kwanza magari matano yalipandiana. La kwetu lilingoja, likapita pembeni. Likawa linarudi kumwelekea mtoto, kulia kwake kushoto, nikaona midomo ya baba inatetemeka ndani ya kanga. Akameza. Mtoto akakata kona mwenyewe. Likaenda, likarudi, likaenda. Tukamaliza wa 3, na aliyeshangilia kuliko wote alikuwa mzee wa maandazi.

Jumatatu nilifua kanga. Matope yalitoka, gundi ilitoka na nusu ya rangi, lakini mafuta ya shokapu yamekataa. Doa limekaa palepale kwenye jina, duara moja jeusi kama kitako cha sufuria, limefunika herufi tatu za mwanzo. Sasa inasomeka: SAFIRIE NYOTA YA MWENZIO.

Upande wa pili wa doti ulibaki nyumbani, msafi. Kwa hiyo siku hizi nikijitanda doti yangu, kiunoni inanikataza na begani inaniruhusu. Baba Watoto ameona, akachekea mbali. Mkutano ujao ni mwezi kesho, na mtungi wa gesi nimeshanunua, mkubwa.