Barua ya Wazi Kutoka Mbingu kwa Rais wa Wateleza Barafuni

Mbingu, Wilaya ya Kilombero,
Mkoa wa Morogoro, Tanzania.

Kwa Mheshimiwa Sana Rais,
Umoja wa Kimataifa wa Mchezo wa Kuteleza kwenye Barafu,
Lausanne, Uswisi.

YAH: MFUATANO WA MIRUKO

Shikamoo Mheshimiwa. Kwa heshima na taadhima, na kwa unyenyekevu wote unaompasa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, naomba kukusalimu wewe, wajumbe wa baraza lako tukufu, waamuzi wako na familia zao. Sisi huku hatujambo. Mpunga umeanza kutoa masuke. Sitarajii barua hii ifike mezani pako. Aliyekabidhiwa barafu ya dunia nzima ana mengi ya kukumbuka kabla ya kijiji ambacho barafu yake ni ile ya ubuyu, iliyogandishwa kwenye kifuko cha nailoni, wanayonunua watoto saa nne wakati wa mapumziko.

Naanza na shukrani. Miaka mingi nilitazama mchezo wako kwenye televisheni bila kuelewa kwa nini wachezaji wawili waruke sawasawa machoni pangu, kisha mmoja apate alama pungufu. Asante kwa fumbo hilo. Lilinikosesha usingizi hadi nikalitafutia jibu, na jibu nililikuta kwenye miguu ya wanafunzi wangu.

Nilifundisha michezo, na mchezo nilioupenda kupita yote ni miruko mitatu. Mtoto anakimbia, anaruka kwa mguu mmoja na kutua kwa mguu uleule. Anaruka tena, safari hii anatua kwa mguu wa pili. Kisha anajitupa mchangani kwa miguu yote miwili. Akikosea mguu, bendera nyekundu inapanda, hata kama ameruka mbali kiasi gani.

Sasa, Mheshimiwa, niwie radhi nikikusimulia kanuni yako mwenyewe. Mtelezaji anayezungukia kushoto hutua kwa mguu wa kulia, akienda kinyumenyume. Akiruka papo hapo kwa mguu huohuo, hiyo ni miruko ya kuunganisha. Lakini akitua, akakanyaga mguu wa kushoto huku akigeuka kutazama mbele, akaingia moja kwa moja kwenye Axel, yaani mruko pekee kati ya sita ya mchezo wako ambao mtu huuanza akielekea mbele, huo ni mfuatano. Mguu uleule, au mguu wa pili. Mtoto wa darasa la tano hapa Mbingu angekueleza bila kitabu.

Hapo ndipo moyo unaponiuma, kwa heshima zote. Hadi msimu wa 2021/22, mfuatano ulilipwa asilimia 80 tu ya thamani yake. Mruko wa Lutz wa mizunguko mitatu ulikuwa na alama 5.90, Axel ya mizunguko miwili alama 3.30. Jumla 9.20. Mtelezaji akiziweka kwenye mfuatano, aliandikiwa 7.36, kabla waamuzi hawajaongeza au kupunguza kwa ubora. Alama 1.84 ziliondoka, na kosa lake ni kukanyaga mguu wa pili, jambo ambalo kanuni yenyewe ilimruhusu. Huku kwetu mkulima akipeleka magunia kumi akarudishiwa manane, hushukuru pia, kwa sababu njia ya kurudi nyumbani ni ndefu na jua linazama.

Kuanzia msimu wa 2022/23 mliifuta ile asilimia. Mfuatano ukapewa thamani kamili, na ukaruhusiwa kuwa na hadi miruko mitatu. Nilisimama peke yangu sebuleni nikapiga makofi. Waliokatwa miaka yote iliyotangulia hawakurudishiwa kitu, nami nawapa pole na kuwashukuru kwa subira yao.

Asante pia kwa ile kanuni ya marudio. Mruko wa mizunguko mitatu ukirudiwa, na mara zote mbili ukasimama peke yake, wa pili hupewa asilimia 70. Basi mtelezaji aliyeshindwa kuunganisha mara ya kwanza hana budi kuhesabu akiwa hewani: nikitua nikakanyaga kushoto, nikaongeza Axel, nimeuokoa mruko wangu. Hesabu hiyo anaifanya binti wa miaka 16, amechoka, muziki haumsubiri. Namheshimu kuliko ninavyoweza kuandika. Ningependa walioitunga kanuni nao waijue kwa miguu.

Kwa hiyo naleta ombi langu, nikiwa nimepiga magoti. Mkutano wenu mkuu wa 2022 mliufanyia Phuket, Thailand, kisiwa cha minazi. Wa 2024 mliupeleka Las Vegas, jangwani. Barafu si sharti. Naomba mkutano wenu mmoja uje Mbingu. Msije masika, barabara ya Ifakara kwenda Mlimba itawatesa, njooni Agosti. Waswisi wanaijua njia, walifungua maabara yao Ifakara tangu 1957.

Mtaketi chini ya mwembe. Kila kanuni ya miruko isomwe kwa Kiswahili mbele ya darasa la tano, wasipoielewa irudi kwa mwandishi wake. Kisha kila mjumbe, nawe Mheshimiwa ukitangulia kama itifaki inavyotaka, avue viatu, akimbie, aruke kwenye shimo letu la mchanga: kwanza miruko ya kuunganisha, halafu mfuatano. Atakayekosea mguu, kura yake ihesabiwe asilimia 80.

Bendera nyekundu ninayo bado. Nitaifua.

Wako mtiifu,
Mwalimu mstaafu, Mbingu.