Simba wa Alasiri
Jirani yangu, kijana mwenye adabu tele na mshahara wa wastani, alilitia gari lake tabo kubwa, nozeli pana na ekzosi ya kuamshia mtaa, kisha akastaajabu kwamba kila alfajiri simba huyo sharti apigwe stata mara saba ndipo akohoe, na akikanyagwa mafuta husita kama bwana harusi aliyeulizwa mahari. Mafundi watatu walipiga ramli. Mmoja, Mungu amhidi, alishauri tabo kubwa zaidi. Hatimaye mzee mmoja, kwa geji tu, alibaini kwamba vali ya pampu haifungi, hivyo presha ya mafuta hushuka usiku kucha, na plagi zimeachwa na mwanya wa milimita 1.1 ilhali tabo ile yataka kama 0.7. Kijana alisikitika mno: kasoro yenyewe haikuwa na stika ya kubandika kiooni.