Sifa za Ethi Mbovu

Wapo wanaosifia injini, wapo wanaosifia breki. Mimi leo nausifu waya wa ethi uliolegea: ule wa kijani kwenye pikipiki nyingi za Kichina, unaofungwa kwa bolti kwenye fremu chini ya siti, mahali ambapo maji ya tope yana makazi ya kudumu. Ukishikwa na kutu, hapo ndipo pikipiki inapostaarabika.

Sifa yake kuu ni umoja. Pikipiki nzima ina ubinafsi: ukikanyaga breki, inawaka taa ya breki peke yake, nyingine zinatazama. Ethi ya nyuma ikifa, mambo hayo yanakwisha. Umeme umeshapita kwenye balbu, unataka kurudi kwenye hasi ya betri, unakuta njia imefungwa. Basi unapiga hodi kwa majirani. Unaingia kwa indiketa ya nyuma, unatokea kwa ya mbele. Unapita uzi wa taa ya usiku, unaibukia deshibodi. Matokeo yake nikikanyaga breki indiketa zote nne zinawaka kwa mbali, deshibodi inang'aa, na taa ya breki yenyewe, kwa unyenyekevu, inafifia ili isiwapite wenzake. Aliye nyuma yangu Barabara ya Mandela hajui kama nasimama, nakata kushoto au nakata kulia. Anajua tu kwamba mbele yake kuna jumuiya. Azimio la Arusha la 1967 lilihitaji hotuba na matembezi ya nchi nzima. Ethi inahitaji mvua za masika tu.

Tena inafundisha dua, inapunguza mwendo usiku, na imenifanya nifahamike kwa kila trafiki wa njia yangu.

Na inalisha watu. Fundi aliitazama pikipiki akiwa amekaa. "Regyuleta hiyo, bosi." Tukabadilisha regyuleta. Indiketa zikaendelea na mshikamano wao. "Basi flasha." Tukabadilisha flasha. Kisha swichi ya breki, kisha betri, maana betri, alisema, "imechoka tu, hata ukiitazama."

Hivi ukiitazama unaona nini? Betri ya volti 12 haina uso! Washa taa, weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye ethi ya taa ya nyuma. Njia ikiwa nzima, mita inasoma karibu na sifuri. Ikisoma volti kadhaa, mchawi ndiye huyo: fungua bolti, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza. Mtu ameandika ukutani FUNDI UMEME kwa rangi nyekundu, herufi kubwa, na hana mita. Ana bisibisi na imani.

Nikarudi dukani na regyuleta mpya pamoja na nailoni yake. Muuzaji hakusema neno, alinyoosha kidole juu ya kichwa chake: VIFAA VYA UMEME HAVIRUDISHWI. Ni sheria nzuri. Fundi anakisia, duka linauza makisio, na gharama ya kukosea ni ya mteja.

Ile regyuleta ya zamani fundi aliniambia imeungua, akaitupia kwenye boksi. Jirani yangu kaibeba juzi kutoka kwenye boksi lilelile, kauziwa kama mtumba orijino kutoka Japani. Inachaji vizuri sana.