Kwa Katibu Mkuu wa Jumuiya: tunaomba mtu wa kutugawia masufuria

Ruaha, Wilaya ya Kilosa

Kwa Katibu Mkuu,
Jumuiya ya Afrika Mashariki,
Arusha.

YAH: KUOMBA MTAALAMU WA KUVUNJA UMOJA

Mheshimiwa,

Huku Ruaha hatujambo, isipokuwa majivu ya miwa inayochomwa, ambayo yanatua kwenye nguo tulizoanika na kwenye uji wa watoto. Najua una nchi nane za kuzituliza, sitakuchosha. Nimeandika wazi kwa sababu barua za siri tumeshaandikiana nyingi, na zote zilisomwa kijiweni kwenye kahawa kabla hazijamfikia mwenyewe.

Tuna kikundi cha kufa na kuzikana. Kilianza mwaka 2011 kikiwa na sehemu tatu: Ruaha, Kidatu ng'ambo ya mto, na Mikumi kule barabara kuu. Msiba ukitokea tunachangishana, tunapika, tunazika. Siku zisizo na msiba kikundi kinageuka biashara: tunakodisha vyombo kwa harusi na mahafali, na tunanunua mchele Ifakara kwa jumla, tunauziana kwa bei ya wanachama. Kwa hiyo siasa ipo na soko la pamoja lipo. Ilibaki bendera tu, na kitambaa kilishafika kwa fundi.

Mwezi uliopita Mikumi wametangaza kwamba wanatoka.

Hakuna aliyelia. Kilichotutoa povu ni masharti. Masufuria makubwa sita yako Mikumi, kwa kuwa harusi zenye pesa ziko Mikumi. Turubai na vyuma vyake viko Kidatu. Viti 200 vya plastiki viko hapa Ruaha, stoo kwangu, maana mimi ndiye mweka hazina. Mikumi wanasema kila mmoja abaki na kilicholala kwake. Tukawauliza, basi pilau mtalila mmechuchumaa? Wakajibu kwamba sisi tutakaa vizuri sana kwenye viti vyetu, tukitazamana. Kidatu hawajasema neno, wanasubiri mvua.

Na si kwamba Mikumi wanaondoka moja kwa moja. Wanataka watoke kwenye michango ya misiba ila waendelee kununua mchele kwa bei ya wanachama. Mwenzao mmoja alisimama na kipaza sauti mbele ya umati wa gulio akalifafanua jambo hili kwa nusu saa, mpaka hata waliomtuma wakaanza kuulizana walimtuma aseme nini. Wakagawanyika hapohapo. Sasa kuna Mikumi ya kutoka kabisa, Mikumi ya kutoka polepole, na mama mmoja muuza samaki anayesema yeye hakuulizwa na kwake msiba ni msiba.

Siku iliyofuata ilikuja bodaboda kutoka Mikumi kuchukua viti kumi. Tukaizuia. Baadaye tuliiachia pikipiki, ila kofia ngumu ya dereva bado tunayo. Inaingia kwenye mgawanyo.

Hapo ndipo mzee wetu mmoja, aliyefanya kazi kwenye gengi la reli kati ya Kilosa na Kidatu enzi reli ikiwa mali ya nchi tatu, aliposema: "Mnajifanya wa kwanza nyie? Andikeni Arusha. Kuvunja umoja ndiko kwao."

Nimejisomea, Mheshimiwa, nimekiri mzee hakukosea. Mkataba wa kwanza wa Jumuiya ulitiwa saini Kampala Juni 1967, na waliouandika walikuwa na busara ya kutawanya vyombo ili asiwepo wa kununa. Arusha ikapewa makao makuu, Dar es Salaam bandari, Kampala posta na simu pamoja na benki ya maendeleo. Reli na ndege zikabaki Nairobi. Ukisoma hapo kwa macho ya mweka hazina unaona mapema masufuria yamelala kwa nani.

Amin akapindua nchi Januari 1971, Mwalimu akakataa kuketi naye, na kikao cha marais watatu hakikukaliwa tena. (Kwetu wenyeviti wa Mikumi na Ruaha hawajakaa mkeka mmoja tangu ugomvi wa mbuzi, ambao hauhusiani na barua hii.) Mwanzoni mwa 1977 Kenya ikaanzisha shirika lake la ndege. Februari Tanzania ikafunga mpaka na kushikilia vilivyokutwa upande huu, magari ya watalii yakiwemo. Juni ikaisha bila bajeti. Kilicholala kwako kikawa chako. Kumbe hata ile kofia ya bodaboda ina historia.

Kisha akaletwa Mswisi, Dk Victor Umbricht, akahesabu vichwa vya treni, ndege, majengo na madeni. Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983, na mkataba wa mgawanyo ukatiwa saini hapo hapo Arusha tarehe 14 Mei 1984: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Karibu miaka saba ya kugawana. Waingereza, pamoja na majivuno yao, walipiga kura ya kutoka Umoja wa Ulaya Juni 2016, na Januari 2020 walikuwa wameshatoka. Miaka mitatu na nusu! Ni wanafunzi wazuri, ila bado hawajamfikia mwalimu. Sisi wenyewe tulitoka COMESA mwaka 2000 wala hakuna aliyenyang'anywa kofia.

Nikajaribu hesabu ya Umbricht hapa nyumbani. Asilimia 42 ya masufuria sita ni masufuria mawili na nusu, na kidogo. Mikumi wamekubali, kwa sharti kwamba ile nusu yao iwe ya chini, yenye kitako.

Nikakimbilia Mkataba wenu wa pili, wa tarehe 30 Novemba 1999. Nimeupenda. Utangulizi wake unakiri kwa nini ndoa ya kwanza ilivunjika: utashi mdogo wa kisiasa, wananchi na sekta binafsi kutoshirikishwa vya kutosha, manufaa kugawanywa bila uwiano. Ni wachache wanaoyataja hayo siku ya kufunga ndoa ya pili. Ibara ya 145 inamtaka anayetoka apate theluthi mbili ya Bunge lake, kisha atoe taarifa ya miezi kumi na miwili. Ibara ya 149 inasema mali ya Jumuiya iliyoko kwake inabaki kuwa ya Jumuiya, na yeye hana dai. Hiyo niliisoma kikaoni kwa sauti. Mikumi waliomba niirudie. Nikairudia. Wakauliza, na nani atakuja kuyachukua? Nikafunua ukurasa unaofuata, nikakuta utaratibu wa kuurekebisha Mkataba.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kikaoni tulilipitia upesi, saa ya chai.

Tuna mpishi. Ni mama wa hapa Ruaha, hutoka usiku akipigiwa simu, akavuka daraja kwenda Kidatu au akasimamisha basi kwenda Mikumi, na kabla ya adhuhuri watu mia tatu wanakuwa wameshakula. Tulimwahidi kifuta jasho cha shilingi 5,000 kila msiba. Kwenye daftari langu kila mara imeandikwa "atalipwa". Misiba imefika 97. Zidisha mwenyewe, Mheshimiwa. Mimi nilizidisha mara mbili nikitumaini itapungua, ikabaki 485,000.

Mikumi wanasema mama huyo ni mkazi wa Ruaha, basi Ruaha imlipe. Ruaha tunasema aliyekula zaidi ni Mikumi. Kidatu, waliokuwa kimya muda wote, wakapata sauti ghafla: wao wamemkinga jua kwa turubai miaka yote na hawajawahi kumdai. Masufuria sita yanagombewa na watu watatu. Hilo deni halina hata mwenye kulisogelea.

Mzee wa reli alicheka mpaka akakohoa. Akasema hiyo nayo aliisikia zamani. Mkataba wa 1984 ulisema kila nchi iwalipe pensheni raia wake waliofanya kazi kwenye mashirika ya Jumuiya, jambo linaloonekana la haki kabisa mpaka uwe raia mwenyewe. Wastaafu wa Tanzania walingoja. Mwaka 2003 walikwenda Mahakama Kuu, na Septemba 2005 yakafikiwa makubaliano na Serikali yaliyohusu watu zaidi ya 31,000. Ilikuwa imetimia miaka 28 tangu Jumuiya ife. Hata baada ya hapo wazee, wake kwa waume, waliendelea kukusanyika Dar es Salaam na kukaa barabarani, wakisema kilicholipwa si kile walichostahili.

Mzee wetu, katika kufuatilia chake, ofisi moja ilimwambia alete uthibitisho kwamba yu hai. Akauleta. Wakamwambia huo ni wa mwaka jana. Alipopokea sehemu ya kwanza alisaini kwa dole gumba, na kuandika anajua sana. Mkono ulikuwa hautulii.

"Yule Mswisi alihesabu kila taruma," aliniambia tukirudi kutoka kikaoni. "Mimi niliyeyalaza nilihesabiwa ukurasa gani?"

Sikuwa na jibu, na ibara nilizokuwa nazo mfukoni nimeshakutajia. Hiyo 145 inasema anayeondoka bado atayabeba majukumu aliyojifunga nayo, na nimefurahi kuiona. Ila mpishi wetu hajui ibara, anajua saa ya kubandika maji.

Basi utakapomtuma mtaalamu, mwombe aanzie kwenye daftari, masufuria yafuate. Najua kwenu hesabu huanzia upande wa vyombo, na sitamlaumu akishangaa. Njia ni rahisi: ashuke Mikumi njiapanda, apande basi la Ifakara, atuulizie darajani. Ale njiani lakini, asitegemee mapokezi, maana mpishi ametwambia kwamba msiba wa 98 tutapika wenyewe. Kiti atapata.

Ni mimi,
Mweka hazina (upande wa viti).

Nakala: Mikumi, kwa mkono wa kondakta, kama bado mnapokea barua zetu. Dereva wa bodaboda anaulizia kofia. Mwambieni iko kwenye majadiliano.